Sarafu ya Mwaka wa Puleng

Mnaonisoma kila Jumapili mnajua nilikofika. Kwa aliyenikuta leo nasema kwa kifupi, kisha tuendelee.

Mwanangu Puleng alifariki mwaka jana. Siku ninazozisimulia zilikuwa za kuelekea Jumamosi ya kufunua jiwe lake kaburini, kama tufanyavyo baada ya mwaka, na kondoo alikuwa ameshanunuliwa. Babu yake, Mzee Lebusa, baba wa mke wangu, ni mkusanyaji wa sarafu tangu ujana wake. Puleng alipozaliwa, mzee aliweka kando randi moja ya mwaka ule. Mtoto aliichezea mpaka akaanza shule, ikafifia, ndipo ikarudi kwenye albamu. Sasa mzee alikuwa amemwagiza mchonga mawe atoboe tundu la duara chini ya jina la mtoto, randi ile ikae humo.

Akaileta kwetu mapema, akaiacha kwenye kisahani juu ya kabati la vyombo. Mimi sikuwepo. Niliporudi nilitaka kuvuta. Nikaona randi. Nikaenda dukani, nikanunua sigara moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimetafuta namna nzuri ya kuisema, haipo.

Mwenye duka aliniambia sarafu za siku ile zilishapelekwa benki. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, nimesimama mbele ya benki, sina kazi ya kufanya humo ndani.

Mwaka wenyewe siutaji. Wakusanyaji wa Welkom nawajua, kesho wangejaa mlangoni.

Kwanza nilikwenda kununua nyingine. Yuko mzee mmoja mjini, Vosloo, ana kiduka cha sarafu na stempu nyuma ya duka la miwani. Alikuwa nayo moja ya mwaka ule, imefungwa kwenye plastiki, inang'aa kama imetoka kiwandani asubuhi. Nikasema hii haitafaa, baba mkwe ataijua kwa jicho moja. Labda niisugue kwa msasa ninaotumia kwenye kazi yangu ya kuziba pancha.

Vosloo akanipokonya. Akaniambia nitoke dukani kwake. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama nina akili timamu, nikamweleza habari ya Puleng, akanivutia kiti.

Akasema sarafu iliyochakaa haiuzwi dukani, hutafutwa. Wenzake wa chama chao wananunua mifuko ya sarafu benki na kuichambua. Kwa makadirio yake, katika kila randi kumi zinazozunguka mitaani, moja ina nembo ya zamani ya nchi, kama ile ya Puleng. Na katika hizo za nembo ya zamani, kila mia tatu utapata moja ya mwaka wa Puleng. Kwa hiyo moja katika elfu tatu. Mfuko wa benki una randi mia. Mifuko thelathini.

Nikasema vizuri, mfuko wa thelathini nitaipata. Akacheka kwa pua.

"Seabata, wakae watu kumi kama wewe, kila mmoja afungue mifuko yake thelathini. Watatu au wanne wataondoka mikono mitupu."

"Na wakiendelea?"

"Wanaanza upya. Mfuko wa thelathini na moja haujui kama ulifungua mwingine kabla yake."

Nikamwuliza kama na Mungu naye hajui. Akasema yeye anauza sarafu.

Aliniagiza jambo moja zaidi. Zile za nembo ya zamani nisizirudishe, niziweke. Chamani kwao watu hawauziani, wanabadilishana, na huenda mwenye randi iliyofifia ya mwaka ule akalainika akiletewa kopo zima la nyingine.

Basi nikaanza. Nilitumia akaunti ya mke wangu, kwa kuwa yangu ilikufa mgodi ulipotupunguza. Asubuhi nachukua mifuko, natembea nayo mpaka kwetu Thabong, naimwaga kwenye beseni la pancha. Za zamani naziangalia mwaka, natupia kwenye kopo la rangi. Zilizobaki narudisha mfukoni, naziingiza benki, natoka na mifuko mingine. Mtu akileta tairi nasukuma beseni pembeni. Wengine waliniuliza kama nimefungua benki yangu. Mmoja akaomba mkopo.

Mama Puleng alikuwa anapita na ndoo yake, anaangalia, anapita. Hakuuliza. Tulikuwa hatuulizani vitu. Anaweka ugali na mboga, nakula, naosha mikono. Kama alijua kisahani kiko tupu, sikuona dalili.

Benki, aliyekuwa ananipa mifuko ni Nthabeleng. Ni binti wa mtaani kwetu. Walikaa dawati moja na Puleng miaka yote ya sekondari, na siku ya mazishi alibeba shada kubwa kuliko yeye. Nikifika dirishani kwake ananisalimia, ananipa mifuko, basi. Na mimi nilimpenda kwa hilo.

Mifuko ya kwanza ilikuja kama Vosloo alivyosema. Kumi za zamani, kumi na mbili, tisa. Mwaka wa Puleng hakuna, lakini kopo lilikuwa linalia kila nikitupia.

Kisha zikawa sita. Kisha mbili. Kisha nikafungua mfuko, nikauchambua mara mbili kwa kuwa sikuamini, hamna hata moja. Wa pili wake, hamna.

Nikapeleka habari kwa Vosloo. Nilidhani atasema mfuko hauna kumbukumbu. Hakusema hivyo. Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti.

Akasema kukosa ile moja katika elfu tatu ni jambo la kawaida, asingehangaika. Lakini kukosa kitu kilicho kimoja katika kila kumi, mfuko mzima, ni habari nyingine. Unachukua tisa kwa kumi, unazidisha kwa yenyewe mara mia. Inatoka mara moja katika mifuko kama elfu thelathini na saba.

"Na wewe umepata miwili ikifuatana," akasema. "Hii si bahati mbaya tena. Kuna mkono umepita humo kabla yako. Sasa hebu niambie..."

Sikungoja. Mtu anayeshika mifuko kabla yangu ninamjua kwa jina.

Ilikuwa siku ya pensheni, foleni imefika nje. Bibi mmoja akaniuliza kama nimekuja kutoa fedha au kupigana, maana uso wangu si wa kutoa fedha. Nikamwambia nimekuja kuuliza swali.

Nilipofika kwenye kioo nikaliuliza. Nani anachambua mifuko kabla ya kunipa?

Nthabeleng akasema haelewi.

"Unaelewa. Unatoa za zamani, unanipa makapi."

Akainamia yale matundu ya kioo. "Baba Puleng, nisubiri saa ya chakula tuongee nje. Nakuomba. Usiseme hapa."

Nikasema anayetaka kuongea nje ni mwizi. Nililisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya tairi, na foleni nzima ikasikia. Nyuma yangu mtu akasema haya, hata randi mojamoja siku hizi zinaibiwa. Wengine wakacheka. Bibi wa pensheni hakucheka.

Meneja akaja, kijana wa tai nyembamba. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikampa na ile elfu thelathini na saba ya Vosloo. Aliipenda. Aliiandika.

Nthabeleng akafunga droo yake, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha meneja. Wakaingia mlango wa nyuma. Hakugeuka kuniangalia.

Nilisimama pale nikingoja kusikia kitu ndani yangu. Hasira, au nafuu, chochote. Nilisikia njaa. Nikatoka, nikanunua andazi.

Nikiwa bado natafuna nikarudi kwa Vosloo kumweleza kwamba mkono nimeushika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza lile swali ambalo asubuhi sikumpa nafasi ya kulimaliza.

"Ukishachambua, zile zilizobaki unazipeleka wapi?"

"Benki."

"Benki ipi?"

"Ileile."

Akavua miwani, akaiweka juu ya gazeti. 

"Hili ndilo la kwanza mkusanyaji kujua," akasema. "Unachukua benki moja, unarudisha nyingine. Ukiweza, mji mwingine. Wewe umetoa nyama, umemwaga mchuzi sufuriani, kesho umepakua tena sufuria ileile, kisha umemshitaki mpishi."

Nikasema hakuniambia. Akasema alikuwa anakuja huko, nikamwacha na maneno mdomoni, nikatoka.

"Mkono ni wako, Seabata."

Nilirudi nyumbani kwanza, nikainua lile kopo la rangi. Zito. Za zamani zote za ile benki zilikuwa zimelala humo, na mimi nilikuwa nimezunguka siku zote hizo na sarafu zilezile, nikizitazama upya kila asubuhi kama mgeni wao.

Nikalibeba mpaka benki kwenda kufuta maneno yangu. Meneja alinipokea kwa mikono miwili. Akanikalisha ofisini, akataka kuniletea chai. Nikamwonyesha kopo, nikamweleza habari ya benki moja na benki nyingine, habari ya nyama na mchuzi. Nikasema binti hana kosa, nimekosea mimi.

Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma. Akasema hapana, mzee wangu, ulikuwa sahihi.

Keshia haruhusiwi kuwa na sarafu yoyote mwilini akiwa nyuma ya kioo, hata yake mwenyewe. Walimwambia Nthabeleng atoe alichonacho mfukoni mwa sketi. Akatoa randi moja, imefungwa kwenye karatasi ya tishu.

Meneja akafungua droo, akaweka mezani bahasha ya plastiki iliyofungwa kwa lakiri. Ndani yake randi imelala upande wa mwaka.

Nikausoma mwaka. Nikausoma tena. Ilikuwa imefifia.

Nikamwambia nipe hiyo, nikupe randi nyingine, nikupe kopo zima. Akasema hicho ni kielelezo sasa, hakitoki mpaka mkaguzi aje kutoka Bloemfontein, na anakuja Alhamisi. Nikasema lakini nimeshaeleza, mkono ulikuwa wangu.

"Hiyo inaeleza mifuko, mzee wangu. Haielezi mfuko wa sketi yake."

Nikaenda kwa kina Nthabeleng. Mama yake alikuwa anaanika nguo. Aliponiona aliendelea kuanika, akaniuliza kwa mgongo nimefuata nini tena, randi ya pili? Nikasema nataka kuongea na binti. Akasema binti amelala, na yeye mwenyewe angependa kulala, lakini nguo haziwezi kujianika. Nikasimama. Alipomaliza kapu akaingia ndani, akafunga mlango bila kuupiga. Angeupiga ningejua la kufanya.

Alhamisi nikavaa koti la mazishi, kwa kuwa ndilo koti nililonalo.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu. Mkaguzi ni mama mtu mzima, mpole, na upole wake ulinitisha. Meneja pembeni yake. Nthabeleng kaja na gauni la kanisani, mikono mapajani.

Nikadhani tumetimia. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Puleng. Nyuma yake, blanketi begani, Mzee Lebusa.

Meneja akaeleza kwamba mifuko ilitolewa kwenye akaunti ya mama, kwa hiyo sheria inataka awepo. Mzee ndiye aliyemleta kwa gari lake, na si mtu wa kuachwa garini. Yeye aliambiwa ni mambo ya akaunti tu. Akakaa mwisho wa meza, akanisalimia, "Mkwe." Akanihabarisha kwamba mchonga mawe amemaliza, kwamba jana alipita akaingiza kidole kwenye lile tundu, limekaa sawasawa. Akauliza kama mtama wa pombe umeshachacha. Nikasema umeshachacha.

Alikuwa anaamini sarafu yake iko kwangu.

Mkaguzi akaweka bahasha katikati ya meza. Akamwuliza Nthabeleng kama ndiyo iliyokutwa kwake. Akasema ndiyo. Aliitoa wapi? Kwenye sarafu alizopokea asubuhi ile dirishani, na akaweka randi yake ya kutoka nyumbani mahali pake, droo haikupungua kitu. Randi hiyo ya kutoka nyumbani ilipitaje kioo? Akasema alikuwa anaingia nayo kila siku, iwapo itatokea.

"Iwapo itatokea nini?"

"Hiyo."

"Ya nini?"

Nthabeleng akaangalia meza. Akasema hawezi kusema.

Mkaguzi akamweleza bila ukali. Kama hakuna sababu, basi ni sarafu ya benki mfukoni mwa keshia. Atafukuzwa kazi, jina lake litaandikwa, na hakuna benki nyingine itakayomchukua. Akamwuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa.

Kisha mkaguzi akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyemshitaki, na wewe ndiye unayezitafuta. Je, ulimwomba akutafutie sarafu hii?"

Nilikuwa na majibu mawili. Nikisema hapana, binti aliyekaa dawati moja na mwanangu ni mwizi. Nikisema ndiyo, mzee aliye mwisho wa meza atauliza natafutia nini sarafu ambayo aliniachia nyumbani. Siku zote zile nilipima moja katika elfu tatu, moja katika elfu thelathini na saba, bila shida. Haya yalikuwa mawili tu, nikashindwa kuchagua.

Nikafungua mdomo. Mpaka leo sijui lilikuwa linatoka neno gani.

"Hakumwomba yeye," akasema Mama Puleng. "Nilimwomba mimi."

Alilisema kama mtu anayesema maji yamechemka. Nthabeleng akafumba macho. Mkaguzi akamwomba arudie, na mke wangu akarudia, akaongeza kwamba alimwomba siku ileile sarafu ilipopotea, nyumbani kwao, na akamwapisha asimwambie mtu, hasa baba Puleng. Akasema kama kuna wa kufukuzwa kwa jambo hili, yeye hana kazi ya kufukuzwa, lakini waandike jina lake wanavyotaka.

Siku ileile. Maana yake kila asubuhi alipopita na ndoo yake akinitazama nimeinamia beseni, alijua natafuta nini, na alijua niliipeleka wapi. Sikuweza kumwangalia. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia.

Mkaguzi akaanza kuandika. Meneja akaanza kusema jambo kuhusu utaratibu.

Mzee Lebusa alikuwa ameinuka. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaichukua bahasha kabla mtu hajamzuia, akaenda nayo dirishani. Akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza, akairudisha upande wa mwaka, akaigeuza tena. Meneja alisema mzee, hicho ni kielelezo, na mzee hakusikia, au hakutaka.

Aliporudi hakukaa. Hakumtazama binti yake, wala Nthabeleng. Alikuja upande wangu wa meza, akasimama karibu mpaka blanketi lake likanigusa bega, akaiweka bahasha mbele yangu.

"Mkwe," akasema, "randi yangu imefikaje huku?"

Mkaguzi akaweka kalamu chini, naye akanisubiri.